Kadogo na Pata Potea: Historia ya Malipo Madogo na Makasha ya Bahati katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya malipo madogo na ya michezo ya kubahatisha katika mji wa mpakani wa Busia na jirani yake Tororo, kwa lengo la kueleza mazingira yaliyoyapokea makasha ya bahati, yaani bidhaa zilizofichwa zinazouzwa ndani ya michezo ya video. Hoja kuu ni kwamba makasha hayo yameunganisha desturi mbili ambazo wakazi wa mpaka walizoea kuzitenganisha: ununuzi wa kadogo, ambapo mnunuzi huona anachonunua, na pata potea, ambapo mchezaji hulipa kwanza na kuona baadaye. Makala yanaonyesha pia kwamba sheria za Kenya na Uganda, zinazopishana kwa miaka saba kuhusu umri wa mchezaji, ziliandikwa zikimlenga mcheza dau, na kwamba uteuzi wa istilahi za Kiswahili una nafasi katika kuamua ni nani atalindwa.

1.0 Mji mmoja, fedha mbili

Katika Busia, mtu anaweza kununua mkate kwa shilingi ya Kenya na chai ya kuteremshia mkate huo kwa shilingi ya Uganda, bila kutembea zaidi ya dakika chache. Hali hiyo si ya kale sana. Mwaka 1902 Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukaingia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuwa Kenya. Mstari uliotokana na uamuzi huo uliwapitia Wasamia na Wateso katikati, ukawaacha ndugu pande zote mbili. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne mpaka huo haukuwa na uzito mkubwa sokoni, kwa sababu pande zote zilitumia fedha ya pamoja, ambayo hatimaye ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1966 ulibadili mambo. Kenya na Uganda zilitoa kila moja fedha yake, na soko la Busia likalazimika kupata mtaalamu mpya: mbadilishaji fedha wa barabarani, mwenye bahasha ya noti mkononi na bei ya siku kichwani. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha, ambayo baadaye iliorodheshwa kama Sura ya 131. Uganda nayo ilitunga sheria zake za bahati nasibu na za kamari katika miaka ya mwisho ya 1960. Hakuna ushahidi kwamba matukio haya mawili, la sarafu na la kamari, yalipangwa pamoja. Lakini kwa mwanahistoria wa mpaka yana uhusiano: tangu mwaka huo mkazi wa Busia aliishi kati ya fedha mbili na, muda mfupi baadaye, kati ya sheria mbili za bahati.

Tororo ndiyo iliyokuwa wilaya mama. Busia ya Uganda ilitengwa nayo mwaka 1997, na hadi leo Tororo inabaki na kituo cha Malaba, ambako reli na malori ya mizigo huvukia. Mji wenyewe, chini ya mwamba wake unaoonekana kutoka mbali, uliwahi kuvuta wafanyakazi wa ujira kwa kiwanda cha saruji kilichoanzishwa katika miaka ya 1950. Mfanyakazi wa ujira hulipwa kwa vipindi, ilhali hula kila siku. Pengo hilo ndilo chimbuko la sehemu kubwa ya historia inayofuata.

2.0 Kununua kwa kadogo

Neno kadogo linastahili kuangaliwa kwa makini. Kiswahili sanifu hudunisha kwa ki-: kitoto, kijumba. Kiambishi ka- kimeingia katika Kiswahili cha Kenya bara kutoka kwa lugha jirani za Kibantu, na wasemaji hukitumia kwa wepesi pasipo kujali sarufi ya shuleni. Kadogo ni kijiko kimoja cha sukari kilichofungwa katika karatasi, mafuta ya kupikia yanayomiminwa katika mfuko kwa shilingi chache, sigara moja, kibaba cha mafuta ya taa. Wachumi wa Kenya wamelichukua neno hilo na kuzungumzia uchumi wa kadogo, na kwa mara moja lugha ya duka imewatangulia wasomi.

Katika mpaka, kadogo ilipata nguvu ya ziada wakati wa magendo ya miaka ya 1970. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, usambazaji wa bidhaa nchini Uganda ulivurugika. Sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kutafutwa. Bei ya kahawa ilipopanda duniani baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa siri kuelekea Kenya, na bidhaa za matumizi zikarudi kwa njia zilezile. Kilichovuka kwa gunia kiliuzwa kwa kijiko. Wenye baiskeli waliobeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha wakaipa Afrika Mashariki neno boda boda, na huenda hakuna mchango mwingine wa Busia kwa Kiswahili unaojulikana zaidi.

Simu ya mkononi iliikuta desturi hii ikiwa hai na ikaitumia. Kadi za muda wa maongezi zilianza na thamani kubwa, kisha zikashuka hadi Safaricom ilipouza Bamba 50 na Bamba 20. Mnunuzi alikwangua kwa ukucha au kwa sarafu, akaingiza tarakimu, akazungumza. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, na huduma ya MTN ya Uganda ikafuata mwaka 2009. Tangu hapo kiasi kidogo kabisa cha fedha kiliweza kusafiri bila sarafu yoyote kuonekana. Kitendo cha kukwangua, kwa bahati, kilikuwa kilekile cha tiketi za bahati nasibu. Na mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni za simu zenyewe zilianza kuendesha promosheni za zawadi, mojawapo ikiitwa Bonyeza Ushinde. Mpaka kati ya kununua dakika na kununua nafasi ya kushinda ulianza kufifia hapo, miaka kadhaa kabla ya mchezo wa video kuingia katika simu ya kijana wa kawaida.

Serikali nazo zilijifunza kadogo. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa yeyote aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii, baada ya Rais Museveni kulalamikia umbea, ambao yeye aliuita kwa Kiganda lugambo. Kodi hiyo ilidumu hadi 2021, ilipoondolewa na mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 kwa bando za intaneti. Ilitozwa kwenye laini za Uganda. Laini ya Kenya haikuguswa. Kwa mkazi wa Busia mwenye laini mbili mfukoni, hilo lilikuwa somo la vitendo kwamba sheria ya malipo madogo hufuata kadi ya simu, haifuati miguu ya mtu.

3.0 Pata potea, mashine na mkeka

Kando ya kadogo ulikuwepo mchezo mwingine wa barabarani. Mwenye karata tatu huzipindua juu ya kisanduku, huzichanganya kwa mikono myepesi, na kumwalika mpita njia aoteshe pesa yake kwa kuitambua moja. Katika Kenya na Tanzania mchezo huo huitwa pata potea. Jina hilo ni uchambuzi kamili: vitenzi viwili vilivyosimama bega kwa bega, bila kiunganishi, bila ahadi. Wenyeji wa soko humjua mchezeshaji, humjua na mshirika wake anayejifanya mshindi, na mara nyingi anayeliwa ni mgeni aliyeshuka kwenye basi. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna aliyewahi kulichanganya jedwali la pata potea na duka la sukari. Vilikuwa vitu viwili, vikiwa na majina mawili na sifa mbili tofauti mbele ya jamii.

Msamiati mwingine unaeleza hadhi mbalimbali za bahati. Kamari, kutoka Kiarabu, ina harufu ya dhambi, na msikitini au kanisani ndilo neno linalotumika. Bahati nasibu, ambalo limeunganisha maneno mawili yenye maana zinazokaribiana, lilipata heshima ya dola: Tanzania iliita bahati nasibu yake ya taifa kwa jina hilo. Michezo ya kubahatisha ni lugha ya leseni. Tanzania ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003 na kuunda Bodi yenye jina hilo. Upande wa Uganda, mzungumzaji wa Kiganda husema zzaala. Kitendo kimoja, basi, kinaweza kuwa haramu, cha kizalendo au cha kibiashara kulingana na nomino iliyochaguliwa.

Katika miaka ya 2010 mambo mawili yaliingia kwa kasi. La kwanza ni mashine ndogo za sarafu, nyingi zikitoka China, zilizowekwa katika maduka na vilabu vya vijijini. Tanzania huziita dubwi. Nchini Kenya zilimeza sarafu za watoto wa shule, hadi mwaka 2018 Serikali ikaendesha msako na kuziteketeza nyingi hadharani. La pili ni ubashiri wa soka kwa simu. SportPesa ilianza Kenya mwaka 2014, na katika muda mfupi Kiswahili cha vijana kikapata mkeka: orodha ya mechi zilizobashiriwa pamoja, ambayo ikikosea mechi moja tu husemwa kuwa imechanika. Tamathali hii ni nzuri, tena ina uaminifu. Ukili mmoja ukikatika, mkeka wote hufumuka.

Majibu ya dola yalitofautiana na kubadilika-badilika. Uganda ilipitisha Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha mwaka 2016, ikaunda Bodi ya Taifa ya usimamizi, na kuweka umri wa chini wa mchezaji kuwa miaka 25. Januari 2019 ikatangazwa kwamba Rais ameagiza kampuni mpya za ubashiri zisipewe leseni. Kenya ilibaki na miaka 18, ikashughulika zaidi na kodi: asilimia 35 ya mapato ya kampuni kuanzia Januari 2018, kisha ikashushwa, ushuru wa asilimia 20 wa dau mwaka 2019, ukaondolewa 2020, ukarudishwa kwa viwango vingine baadaye. Julai 2019 leseni za kampuni kubwa hazikuhuishwa, na baadhi yake zikarejea sokoni. Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari iliyounda mamlaka mpya badala ya Bodi ya tangu 1966. Mshauri wa sera anayesoma mfululizo huu haoni mwelekeo mmoja. Anaona hazina na uangalizi wa maadili vikivutana kamba.

4.0 Kasha linaingia kibandani

Michezo ya video haikufika Busia na Tororo kupitia sebule za matajiri peke yake. Uganda ilikuwa na desturi imara ya kumbi ndogo za video, ambazo hata katika Kiganda huitwa bibanda, neno lililokopwa kutoka Kiswahili kibanda na kupewa wingi wa Kiganda. Humo mtu alilipa sarafu na kutazama filamu ikitafsiriwa papo hapo na msimulizi. Kukodi PlayStation kwa mechi moja ya FIFA kulifuata mantiki hiyohiyo: unalipa, unacheza, anayeshindwa anampisha mwingine. Hii ilikuwa kadogo safi. Mchezaji alijua amenunua mechi moja, na mechi moja alipewa.

Wakati huohuo watengenezaji wa michezo walikuwa wakibuni njia ya kuuza ambayo haikuishia kwenye mechi. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza vazi la farasi ndani ya mchezo wa Oblivion kwa dola 2.50, na wachezaji wakacheka. Hatimaye kicheko kiliwageukia. Katika Asia ya Mashariki mfano uliochukuliwa ni mashine za Kijapani za vidonge vya zawadi, ambazo mtoto huingiza sarafu, huzungusha mpini, na kupokea kidude asichokichagua. FIFA iliongeza timu za kadi mwaka 2009, na Team Fortress 2 ikaanza kuuza funguo za makasha mwaka 2010. Kufikia Novemba 2017, mchezo wa Star Wars Battlefront II ulipotoka, hasira za wachezaji zilikuwa kubwa kiasi cha kuilazimisha kampuni kusimamisha kwa muda uuzaji ndani ya mchezo huo.

Simu ndiyo iliyolileta kasha mpakani. Free Fire ilitoka 2017, ikiwa nyepesi ya kutosha kuendeshwa na simu za bei nafuu. PUBG ya simu ikafuata 2018. Mchezo wa soka wa Konami ukawa eFootball mwaka 2021. Yote hupakuliwa bure. Malipo huja baadaye, kwa vipande, na kwa muda mrefu kikwazo kilikuwa kukosekana kwa kadi za benki. Kikwazo hicho kimepungua: mwaka 2022 Safaricom na Visa zilizindua kadi pepe inayomwezesha mwenye M-Pesa kulipa kwenye maduka ya kimataifa ya mtandaoni.

Hapa uzoefu wa Busia unatoa mwanga ambao maandishi ya Ulaya kuhusu suala hili huukosa. Michezo hii haiuzi kasha kwa shilingi moja kwa moja. Huuza kwanza almasi, sarafu au pointi, na kasha hununuliwa kwa hizo. Kwa mtu aliyezaliwa kati ya shilingi mbili, hii ni sarafu ya tatu, na swali la kwanza la mbadilishaji fedha yeyote wa barabarani ni: bei ya kurudi ni ngapi? Jibu ni kwamba hakuna bei ya kurudi. Almasi haibadilishwi kuwa shilingi. Tena huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu, ili mabaki madogo yasalie kila mara na kudai fungu jingine. Mbadilishaji fedha aliyefanya hivyo sokoni angefukuzwa kabla ya adhuhuri.

Kasha lenyewe linakamilisha muungano. Bei yake ni ya kadogo, na ndani yake mna pata potea. Tena hakuna mchezeshaji wa kutazamwa mikono wala mshirika wa kutiliwa shaka. Jambo ambalo jamii ilikuwa imelipangia mahali pawili sasa linapatikana katika kiganja kimoja, mara nyingi cha mtoto anayetumia laini ya mzazi.

5.0 Umri, thamani na jina

Kijana wa miaka 19 anaruhusiwa kubashiri soka akiwa Busia ya Kenya. Akivuka kwenda Busia ya Uganda anakuwa ametenda kosa, na atasubiri miaka sita. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni, kuvuka kumekuwa kwepesi zaidi. Lakini mtoto wa miaka 10 anaweza kufungua kasha la bahati pande zote mbili, kwa kuwa tofauti hiyo ya miaka saba, iliyojadiliwa kwa bidii, inahusu mlango mwingine.

Sababu iko katika maneno. Sheria ya Kenya ya 1966 ilifafanua mchezo wa kubahatisha kwa kutazama ushindi wa pesa au wa kitu chenye thamani ya pesa. Vazi la mhusika wa mchezo, lisilouzika tena, je, lina thamani hiyo? Mataifa yaliyojiuliza swali hili yametoa majibu yanayogongana. Japani ilipiga marufuku aina moja ya makasha ya kukusanya seti mwaka 2012. China ilidai mwaka 2017 uwezekano wa kupata kila zawadi utangazwe. Tume ya Michezo ya Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kuwa makasha ya kulipia ni kamari, bila kujali kama zawadi huuzika. Nchini Uholanzi msimamizi aliitoza kampuni ya EA faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta. Uingereza, mwaka huohuo, iliamua kutopanua sheria yake. Australia ilichagua njia ya kati: tangu Septemba 2024 michezo mipya yenye makasha ya kulipia hupewa alama ya kutofaa kwa walio chini ya miaka 15, ingawa alama hiyo ni ushauri tu.

Apple nayo imedai tangu Desemba 2017 kwamba programu zinazouza makasha ya aina hii zionyeshe uwezekano huo kabla ya mtu kununua. Kwa kawaida mtoto wa Tororo huukuta umeandikwa kwa Kiingereza, katika asilimia zenye nukta, nyuma ya kitufe kidogo. Nyumbani pengine anasema Dhopadhola au Ateso, na sokoni Kiswahili. Kiswahili kina historia nzito nchini Uganda, tangu amri ya Amin ya 1973 iliyokitangaza lugha ya taifa na kukihusisha na kambi za jeshi. Lakini katika mpaka wa mashariki hakikuhitaji amri, na Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi, wafanyabiashara wa Busia walikuwa wamekwisha kufanya hivyo vizazi viwili kabla.

Kazi ya istilahi, kwa hiyo, si ya mapambo. Sanduku la bahati ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na ulimi, na ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu bahati ni neno jema. Wazazi huwapa watoto wao kama jina. Kulitumia katika kanuni ni kumfanyia muuzaji tangazo. Makala haya yenyewe yametumia kasha la bahati kwa kuwa ndilo linaloeleweka, lakini hayalipendekezi. Kasha la kubahatisha lina faida ya kuoana na lugha ya sheria ya Tanzania, na lingeliweka jambo hili moja kwa moja chini ya bodi zilizopo. Kasha la pata potea lingeeleweka na bibi yeyote wa soko la Busia bila maelezo, ingawa waandishi wa sheria huenda wakaliona la mtaani mno. Kwa malipo madogo yasiyo na kificho, malipo ya kadogo yanatosha, na kuyatenga na kasha kutawaepusha watunga kanuni na kosa la kumwadhibu anayeuza mechi moja kwa bei moja.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina uwezo wa kuliweka suala hili mezani pamoja na wasimamizi wa kamari wa nchi wanachama, kabla kila nchi haijajitungia neno lake. Fasili itakayoandikwa italazimika kujibu swali la mbadilishaji fedha: ikiwa shilingi inaingia na hairudi, na anayelipa hajui atapata nini, thamani ya pesa inapimwa wakati wa kutoka au wakati wa kuingia? Sheria ya 1966 ilipima wakati wa kutoka. Mzazi aliyekuta salio lake limekwisha hupima wakati wa kuingia.